Mwizi wa Birika la Uani

Jumapili, 11 Julai 1971

Madebe mawili ya maji ya bahari kabla jua halijapanda, kama kila siku. Kumimina birikani polepole. Kuhesabu samaki. Kufuta kioo.

Nikimimina nakwepa kulitazama jiwe kubwa. Sijamwambia mtu yeyote, na hata humu sikutaka kuandika: jiwe hilo nililiiba. Jana maji yalikauka mbali sana, na Shangazi Zuhura alikuwa upande wa pili wa mwamba na chuma chake cha kuvulia pweza. Nikaenda kwenye shimo lake. Wanawake wote wanajua kuwa ni lake, aliachiwa na mama yake. Hata mtu akimwona pweza mle humwacha. Nikang'oa jiwe la mlangoni. Lina matumbawe ya zambarau na tundu refu katikati. Nilichungulia tundu, giza tu. Nikalitia kwenye debe la maji, debe kwenye baiskeli. Nimeliweka nyuma kabisa, upande wenye alama za chuma cha Shangazi unatazama ukutani.

Yeye halisogelei birika. Anasema samaki wa kutazamwa ni matusi kwa mwenye njaa.

Nimefurahi. Nimeona aibu pia. Zaidi nimefurahi.

Jumatatu, 12 Julai

Birika limechukua miezi sita. Zamani lilikuwa la maji ya mvua, na marehemu bibi alifuga humo visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Nikafikiri, kama vya maji baridi viliishi, kwa nini si vya chumvi. Kitabu cha maktaba ya shule kina kurasa nne tu juu ya matumbawe. Nimezinakili zote.

Kazi ngumu ameifanya Fundi Mihambo, mpangaji wetu wa chumba cha uani. Alivunja ukuta wa mbele, akatia kioo cha kabati la duka la babu. Fremu ya mvule, lami pembeni. Akaonya maji yasipite goti, kioo kitapasuka. Tukajaza na kumwaga mara tisa mpaka ukali wa saruji ukaisha. Hakutaka malipo. Nilipomwambia matumbawe ni wanyama alicheka mpaka akaketi. "Basi mimi nimechoma wanyama wengi kupata chokaa, mtani. Tanuri nzima. Chokaa ya nyumba hii ni mizoga."

Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo, makabila ya watani. Hakuna siku asiyonitania. Mimi sijui kujibu. Jibu huja kesho yake, nikiwa darasani.

Leo: kaa watatu, na samaki: kangaja wawili, vitatange wawili, kikande mmoja, na viti vya pweza, wale wa umbo la nyota, vitano. Wote wazima.

Jumatano, 14 Julai

Kaa wawili tu. Nimemtafuta wa tatu kila upenyo wa mawe. Hayupo. Kaa hawezi kupanda saruji laini.

Ijumaa, 16 Julai

Kaa mmoja. Kangaja mmoja.

Paka hapana, niliweka wavu wa zamani juu. Wavu ulikuwa umesogezwa upande mmoja na kurudishwa vibaya. Mkono wa mtu.

Nilimuuliza Fundi, alikuwa anakunywa chai mlangoni kwake.

"Nimemla," akasema. "Mchuzi wa nazi. Chumvi tu ulimzidishia, na hayo maji yako."

Akapuliza chai yake.

"Aliniomba mwenyewe. Alisema amechoka kusomewa kitabu kila jioni."

Shangazi alicheka jikoni. Mimi sikucheka. Nitajuaje kama ni mzaha? Mtani akichukua kitu chako huna pa kudai. Kwa mtu mwingine ni wizi, kwake ni desturi. Sikuwahi kuliona jambo hili hivi kabla ya leo.

Jumamosi, 17 Julai

Magamba ya kaa. Yote matatu, hata la yule aliyebaki jana, ndani ya birika, yamepangwa chini mbele ya jiwe kubwa. Masafi, hayakupasuliwa. Hakuna nyama hata chembe.

Mtu gani hula kaa akarudisha magamba majini? Mtu anayetaka niyaone. Mtu anayenicheka.

Jumatatu, 19 Julai

Kikande hayupo. Nilikuwa nimempenda kuliko wote. Alikuwa akija kwenye kioo nikikaa.

Leo shuleni sikusikia somo hata moja. Nilikuwa nakumbuka mambo. Fundi hupita birikani kila alfajiri akienda kazini, sisi tumelala. Chumbani kwake Alhamisi palinuka samaki. Anasema watu wa bara hawali vitu vya baharini. Basi ile harufu ilikuwa ya nini?

Jumanne, 20 Julai

Jana kabla ya kulala nilinyunyiza majivu ya jikoni sakafuni kuzunguka birika. Leo asubuhi kuna nyayo. Pana, peku. Mguu wa kulia hauna kidole kidogo.

Cha Fundi kiliangukiwa na tofali.

Na kata ya kuchotea maji ilikuwa mbichi.

Nilifagia majivu kabla Shangazi hajaamka. Nilidhani nikimpata mwizi nitaona raha. Sikuona.

Jumatano, 21 Julai

Nimefikiri niseme naye uso kwa uso. Nilisimama mlangoni kwake. Akasema, "Karibu, mla konokono. Leo unataka nimle yupi?"

Nikasema nilikuwa napita tu.

Siwezi. Akishanitania maneno yangu yote hukimbia. Karatasi tu ndiyo hainitanii.

Alhamisi, 22 Julai

Nimeandika barua kwa Mzee Sefu, mjumbe wetu wa nyumba kumi. Nimeandika mara nne mpaka ikawa safi. Nimetaja tarehe, idadi ya samaki, nyayo, kata, na maneno aliyosema Fundi kwa mdomo wake kwamba amemla. Nimeandika neno "mwizi". Niliwaza niweke "anayeshukiwa" lakini nilikuwa na hasira.

Kitatange mmoja leo. Walikuwa wawili wasioachana. Aliyebaki anazunguka peke yake.

Nimempelekea barua nikienda shule.

Jumapili, 25 Julai

Mzee Sefu alikuja baada ya adhuhuri. Shangazi akatandika mkeka uani. Fundi akaitwa, akaja na kibarakashia mkononi, anatabasamu, akidhani ni habari ya kutengeneza choo.

Mzee Sefu akasoma barua yote kwa sauti. Mwanzoni Fundi alicheka. Kwenye nyayo alikuwa bado anacheka. Kwenye neno "mwizi" aliacha.

"Umeandika wewe?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Mzee Sefu naye alikuwa hajui aweke wapi uso. "Mtoto huyu, watani hawashtakiani. Hata akichukua mbuzi. Utamshtaki mtani wako kwa mjumbe?"

"Kaandika," Fundi akasema. "Angesema, ningejibu. Kaandika na tarehe." Akamgeukia Shangazi. "Dada Zuhura, nilidhani hapa mimi ni mtani. Kumbe ni mpangaji. Basi mpangaji huhama. Mwisho wa mwezi naondoka, kuna ujenzi Mbegani."

Shangazi akamwambia aseme mwenyewe alfajiri huwa anafanya nini pale birikani. Akasema, "Muulizeni mwenye barua, yeye anajua yote."

Kama hana kosa kwa nini asijibu? Nimejiuliza hivyo mchana kutwa. Shangazi hajasema nami tangu wakati huo.

Jumanne, 27 Julai

Nimepishana na Fundi mlangoni. Nikamwamkia, shikamoo. Akajibu, "Marahaba, mwanafunzi. Habari za masomo?"

Hakuongeza kitu. Miaka minne ninaishi kwa Shangazi na sijawahi kusikia Fundi akiniita mwanafunzi.

Alhamisi, 29 Julai

Samaki wanakufa, na hakuna anayewachukua.

Jana na leo asubuhi nimewakuta wote juu, midomo nje ya maji, wanahema. Kangaja ameinama ubavu. Nimebadilisha maji madebe sita, nimechelewa shule. Mchana wakaanza kuogelea tena. Kitabu hakisemi lolote juu ya hili.

Kata ilikuwa kavu.

Ijumaa, 30 Julai

Nitaandika taratibu, yote.

Asubuhi nilikuwa nalia uani. Shangazi akaja kuona. Ni mara ya kwanza amesimama mbele ya kioo. Akauliza, "Wanahema tangu lini?" Nikasema tangu Jumatano. Akasema, "Mihambo ameacha kukoroga tangu Jumatatu."

Nikamuuliza kukoroga nini.

"Maji. Kila alfajiri. Anachota kwa kata, anainua juu, anamimina. Mara mia, mpaka nguo zake zinanuka samaki. Nilimsikia nikiswali. Nikamuuliza, akasema kisima kisichochotwa hufa, na birika la maji ya bahari lazima liwe hivyo hivyo. Akasema nisikwambie, utaanza kumpa kurasa za kusoma. Jumapili nilitaka aseme mwenyewe."

Nilikaa chini sakafuni.

Kisha Shangazi akainama. Akayaona magamba ya kaa mbele ya jiwe. Sikuwa nimeyatoa, niliyaacha yawe ushahidi.

"Haya umeyapanga wewe?"

Nikasema hapana, ni mwizi.

"Mwizi yumo," akasema. "Pweza akila, hutupa magamba mlangoni. Sisi tunamjua kwa uchafu wake. Mtoto wa pwani, unasoma kitabu, hujui mlango wa pweza?"

Akaenda kuchukua chuma chake. Akaligeuza jiwe ili alione tundu. Akaziona alama upande wa pili. Akazipapasa kwa kidole. Nadhani alizihesabu.

"Hili umelitoa wapi?"

Nilimwambia. Sikusema uongo hata neno moja. Nilitaka anipige.

"Wiki tatu nimekwenda kwenye shimo la mama nikakuta halina mlango," akasema. "Nimemdhania mke wa Sefu. Sisalimiani naye."

Kisha akaingiza chuma tunduni mara moja tu. Pweza akatoka, mdogo, kichwa kama ngumi, rangi ya jiwe lenyewe, halafu mwekundu, halafu mweupe. Wiki tatu nilikaa mbele ya kioo kila jioni nikimsomea.

Jioni nilikwenda kwa Fundi. Sanduku lake lilikuwa tayari limefungwa kamba. Nikamwambia yote na nikamwomba radhi.

"Haina neno, mwanafunzi," akasema. Kwa upole sana. Akarudi kukunja shuka.

Jumamosi, 31 Julai

Nimekoroga mara mia alfajiri. Mkono unauma. Samaki wazima. Sikukutana na Fundi, alikwenda kazini mapema.

Nilikwenda kwa Mzee Sefu kuomba barua yangu. Alinipa. Mke wake alinikaribisha uji. Nilimwambia kwamba Shangazi atakuja kumsalimia, na kwa nini. Nilidhani nitakufa kwa aibu. Sikufa.

Kisha nimewaza. Radhi nimeomba na Fundi ameipokea. Lakini anayeombwa radhi ni mtu baki. Mtani haombwi radhi.

Shangazi alimpika pweza mchana. Nilimwomba atie nazi nyingi. Fundi aliporudi kutoka kazini nilichukua sahani nikaenda. Njiani nilirudia maneno moyoni kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Alikuwa ameketi juu ya sanduku.

Nikasema, "Fundi, mwizi tumemkamata. Huyu hapa. Mchuzi wa nazi."

Alitazama sahani. Akanitazama mimi. Mchuzi ulikuwa unanimwagikia kidoleni, unaunguza. Sikuiweka chini.

"Ameshtakiwa kwa mjumbe?" akauliza.

Nikasema, "Bado. Anakungoja wewe uandike barua. Kama Wanyamwezi wanajua kuandika."

Sijui jibu hilo lilitoka wapi. Lilikuja siku ile ile.

Fundi akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, mpaka akafuta macho. Akachukua mkono mmoja wa pweza kwa ncha za vidole, akafumba macho, akautia mdomoni. Akautafuna kwa muda mrefu sana.

"Mpira," akasema. "Watu wa pwani mnakula mpira. Ondoa hii sahani, mla konokono, kabla sijahama kweli."

Jumapili, 1 Agosti

Sanduku halina kamba. Kamba imeanikiwa shati.

Jumapili, 8 Agosti

Bamvua, maji yamekauka mbali tena. Tulitoka saa tatu, mimi na Shangazi, na jiwe ndani ya debe lenye maji. Mke wa Mzee Sefu naye alikuwa kule mwambani. Waliamkiana kirefu, wakaulizana hadi kuku. Shimo nililikuta mwenyewe. Nikaliteremsha jiwe, alama zikitazama nje kama zilivyokuwa. Shangazi akalisukuma kidogo kwa kisigino likakaa. Akasema mlango ukiwepo atakuja pweza mwingine.

Birikani pamebaki pengo nyuma. Nitalijaza kwa mawe madogo, ya upande wa mwamba usio wa mtu, na kila moja nitaliacha kwanza siku mbili ndani ya pipa, nione kama lina mwenyeji.

Leo alfajiri, kabla ya hayo yote, niliamka nikakoroge. Nikakuta sakafu imeloa na kata imeloa. Nyayo za maji zinakwenda mlangoni, mguu wa kulia una vidole vinne. Samaki walikuwa chini, kimya, hakuna anayehema. Hata hivyo nilichukua kata, nikachota, nikainua juu, nikamimina. Nilifanya mara hamsini. Kisha nikaenda kuswali.