Taa ya Maji ya Kaka

Shoga, shika simu! Kaka kaumbuka leo mpaka nimeona aibu mimi.

Si unaijua ile taa nyekundu ya maji ya injini, kwenye kigari chake kikuukuu cha spoti? Wiki tatu inawaka. Kabadilisha rejeta, kabadilisha pampu, taa iko palepale. Na kila asubuhi anaongeza yale maji ya kijani ya kupoozea injini.

Leo kamwita fundi nyumbani. Fundi kafungua boneti, kachungulia weee. Kisha: "Bosi, hebu osha kioo."

Kaka kabonyeza. Kioo kizima KIJANI! Kijani, shoga! Kumbe siku zote anajaza tangi la kuoshea kioo! La injini limekauka kau, na injini yenyewe imekufa.

Baba, na ufundi wake wa miaka arobaini, alikuwa kibarazani. Akasema taratibu, "Nilimwona tangu siku ya kwanza."

"Baba! Uliniona ukanyamaza?"

"Si ulisema mafundi wa zamani tunajua malori tu? Nikakuachia."

Kisha akamkaribisha fundi chai. Kaka hakukaribishwa.