Aliyeziba Moshi wa Kombi

Mtoni, Temeke
Ijumaa, baada ya swala

Dada yangu Zaina,

Shikamoo. Nakuamkia mapema kabla hujasema mji umenila adabu. Goti linasemaje? Yule ng'ombe mwekundu keshazaa, au bado anakuringia? Na ule ukuta wa jikoni ulioanguka na mvua, umepata wa kuujenga, au bado unapikia upepo? Sie huku hatujambo. Mie nina afya ya kumchosha daktari, ila meno yananiaga moja moja, na likishaondoka halirudi hata kusalimia.

Habari kubwa ni kwamba ile kombi ya Rehema iliyokuwa ikivuta moshi ndani, nimeitengeneza. Mie mwenyewe, kwa mikono hii. Nimelala chini yake mchana kutwa kama mamba, nikatoka huko ekzosi, lile bomba la moshi, imezibwa, mafundi wa Temeke nzima wamekuja kushangaa.

Haya, nimeweka kalamu nikanywa chai, nikakumbuka kwamba wewe hudanganyiki hata kwa maandishi. Sikuitengeneza. Chini nililala kweli, lakini tumbo lilikwama, wakanivuta miguu kunitoa. Aliyeitengeneza ni Rehema, binti yangu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu, mtu niliyeachana na shule darasa la nne baada ya mwalimu kuchoka kabla yangu. Ningepiga simu, lakini yako najua inalala kabatini chini ya vitenge ikingoja Idi.

Sasa nikueleze, maana hujaiona. Ni kombi ya zamani, ina umri wa kumzidi Rehema. Ilikuwa ya Mzungu mmoja mzee aliyekuwa anahama, na Rehema aliichukua ikiwa kama banda la kuku. Ndani ina kitanda, jiko dogo la gesi, sinki la kunawia na mapazia, na paa lake linanyanyuka mpaka mtu anasimama. Ni nyumba kabisa, kasoro mama mkwe. Rehema kajifunza ufundi gereji moja hapa Temeke, akaona aikarabati awe anawakodishia watu wanaotaka kwenda kulala milimani. Kazi ya mshahara kaiacha kwa ajili yake. Wewe ulikuwepo kikaoni kaka Hashimu aliposema kwamba katika nyumba ya wahunzi mwanamke hashiki chuma, na akikishika chuma hicho hakiendi. Rehema alikuwepo, aliyasikia. Mie nikadhani kasahau.

Wateja wa kwanza wakapatikana, mtoto wa Mzee Kimaro wa Kipawa na mkewe, fungate yao waende Lushoto. Kabla ya kuwakabidhi, Rehema akataka kuijaribu kombi kwenye vilima vya Goba. Nikakaa mbele kama waziri. Kule chini ya dashibodi kuna kijimkono cha chuma, mie siku zote nilikuwa natundikaga hapo mfuko wangu. Siku hiyo nilinunua machungwa, nikayatundika. Tulipokuwa tunarudi kichwa kikaanza kuzunguka, na tulipofika nyumbani nikatapika mbele ya majirani. Wakasema mzee kalewa. Dada, niliumia, maana siku hiyo kwa bahati mbaya nilikuwa sijagusa kitu.

Rehema hakucheka. Alizima injini, akaingiza kichwa ndani akanusa, akatoka uso umembadilika.

"Baba, wewe ulikuwa macho na dirisha lako lilikuwa wazi," akaniambia. "Hawa maharusi, mmoja ataendesha, mwenzake atalala kule nyuma na mapazia yamefungwa. Asipoamka?"

Nikaenda kunawa uso, machungwa nikayasahau yametundikwa pale pale.

Basi mie nikajitia ufundi. Unajua nimekuwa utingo wa malori miaka mingi, na utingo ni nusu ya fundi, ile nusu ya mdomo. Nikasema ni sailensa, lile kopo kubwa la kunyamazisha mlio, limetoboka. Nikashauri tufanye kama enzi zetu barabarani, tukate kopo la maziwa tulivike na kulifunga waya. Tukafanya. Kombi ikawa inalia kama sufuria zinagombana. Rehema akaling'oa kopo langu, akachomelea sailensa nyingine, akaweka gasketi mpya za kuzibia maungio na kubadilisha boliti zilizoliwa na kutu. Nje ikawa kimya, unamsikia mtu akimeza mate. Ndani, harufu ile ile. Na harusi inakaribia.

Nikamwambia, mwanangu, hawa watu waende na basi. Akakataa. Nikajua anamsikia kaka Hashimu kichwani.

Kesho yake asubuhi akaja na chetezo cha mama mwenye nyumba wetu kimejaa udi. Nikamuuliza kama ndiyo tunaipunga mashetani. Akasema, "Moshi wa injini hauonekani, baba. Huu tutauona." Injini ikiwa baridi, akaunganisha mpira kutoka kwenye chetezo mpaka kwenye mdomo wa bomba la nyuma, na mie akanipa mvukuto mdogo wa mkono, ule wa kusukumia upepo kwenye mkaa. Kazi ya kuvukuta si niliianzia kwa baba kwenye uhunzi, wewe ukileta maji na kukatazwa kuvuka mlango? Basi nikavukuta. Yeye akaingia ndani, akafunga madirisha akatulia.

Udi haukutokea kwenye sailensa wala kwenye maungio. Ulitokea miguuni, Dada, pale pale ninapoweka viatu vyangu, unapanda taratibu kama ugeni wa heshima. Rehema akautazama, akautazama mfuko wangu wa machungwa. Akautundua. Udi ukapungua. Akautundika tena, ukaja.

Kumbe hao waliounda hiyo kombi walilivika bomba la moshi koti la bati. Hewa inapita kati ya koti na bomba, inapata moto, kisha inaletwa ndani kupasha watu miguu. Kile kijimkono kikivutwa chini ndicho kinachofungua mlango wa joto. Gari la kuleta joto, Temeke! Nani angewaza? Kwao kuna theluji. Kila fundi aliyepita chini ya kombi ile aliliona koti akaliacha, hakuna aliyeuliza ni la nini. Ndani ya koti bomba lilikuwa limetoboka kwa kutu, moshi unaingia kwenye hewa ya joto, na mie na machungwa yangu tunaufungulia mlango. Nimejitundikia kifo mwenyewe kwa mfuko wa nailoni.

Rehema alilipasua lile koti, akatoa bomba bovu, akaweka jipya, akachomelea. Dada, nimeona watu wengi wakichomelea, wengi wanatapika chuma. Mshono wake umelala mstari mmoja kama uzi wa cherehani. Nikamwambia azibe kabisa njia ya joto, sie ya nini. Akasema Lushoto kuna baridi, acha watu wapashe miguu. Tukarudia udi, ndani hata chembe. Tukarudi Goba, madirisha yamefungwa, mie nimelala kule nyuma naimba njia nzima. Aliyeumwa kichwa siku hiyo ni yeye.

Mzee Kimaro akaja kukagua. Si unajua watani zetu Wachaga. Anazunguka kombi anasema Mpare akikukodishia gari hesabu matairi kwanza. Nami nikamwambia ahesabu, hiyo ndiyo kazi anayoiweza. Halafu akaacha utani, maana ni mtoto wake anayeondoka. Akauliza ule moshi alioambiwa na majirani, nani kauziba.

Rehema alikuwa amesimama na mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Akasema, "Ni baba."

Na mie, Dada, nikashika ndevu kama fundi mwenyewe.

Mzee Kimaro akanipa mkono, maharusi wakaenda na wakarudi salama. Bibi harusi anasema miguu yake haikuona baridi, na kombi ilikuwa inanukia udi kama chumba chake. Sasa wengine wanakuja, wote wanamuulizia mzee fundi. Naitwa fundi mtaa mzima, naitika.

Nilimuuliza Rehema kwa nini alisema vile. Alikuwa anafuta spana. Akasema, "Wangejua ni mimi wasingepanda, baba. Bora kombi iende." Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata la kumtania.

Lilinikaa moyoni. Nikapanda mpaka Kipawa nikamwambia Mzee Kimaro ukweli wote, na machungwa yangu ndani yake. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema Mpare akianza kumsifia binti yake ujue anapandisha mahari. Nikaapa. Akacheka zaidi. Nikawaambia majirani, wakasema mzee leo kaamkia wapi.

Mfungo huu unaokuja ukiisha tunakuja huko juu na hiyo hiyo kombi, Rehema akiendesha. Ule mlima wa kwetu ataupanda bila kusukumwa, na wewe utalala humo ndani upashe goti lako. Nakwambia na hili nalo si utani: nimeishi miaka yote hii na sijawahi kuwa na kitu cha kujivunia ambacho sikuhitaji kukiongezea chumvi.

Nisalimie kaka Hashimu, mkubwa wetu, mwambie bado namheshimu siku za kazi. Msalimie mkeo Mwanahawa, yaani mke wa mwanao, maana najua umemgeuza wako. Msalimie shangazi Kuruthumu kwa sauti ya juu, na wajukuu wote, hasa yule anayefanana na mie, masikini.

Sasa lile ulilonidai, hapana, ninalokudai mie. Unakumbuka nilivyokupelekea ujumbe kwa marehemu shemeji kabla hajakuoa, mbwa wao wakanikimbiza mpaka bondeni nikapoteza kiatu? Ulisema iko siku utanilipa. Sitaki kiatu. Kombi ikisimama uani, wazee watanijia mie na mikono yao ya pongezi, na nikisema ukweli watacheka, maana nimewazoesha hivyo tangu utotoni. Wewe hujatania tangu uzaliwe. Kabla kaka Hashimu hajanipa mkono, simama, mbele yao wote, useme, "Ni Rehema." Maneno mawili tu, Dada.

Mdogo wako,
Athumani