Boksi la Vifaa vya Nesi

Jumanne, Chimala

Bila mimi na pikipiki yangu, uzazi wa mpango Mbarali nzima ungesimama. Hata mganga mkuu wa mkoa anajua, basi tu hajapata nafasi ya kuja kunishukuru.

Zahanati yetu ina nesi wa kuweka vijiti vya kuzuia mimba, ila mashine ya kuchemshia vifaa imekufa. Zahanati ya jirani ina mashine, nesi wa vijiti hawana. Wamekubaliana kusaidiana, na boksi la vifaa nalibeba mimi.

Leo niliporudi nalo, nesi aliutazama utepe uliolifunga. "Mzee, hili limefunguliwa. Vifaa havifai tena."

"Mashimo hayo, binti yangu. Barabara mbovu."

"Mashimo ya siku hizi yanabandua utepe?"

Wanawake kwenye benchi wakacheka. Mpwa wangu Neema hakucheka. Kesho anarudi Chunya kwa mumewe, na uzazi wa mwisho nusura umuue.

"Mjomba, nikiondoka bila kijiti..."

Nikarudi mbio zahanati ya jirani, vikachemshwa upya. Jioni Neema akawekewa chake, akatoka na bandeji mkononi, anatabasamu.

Lakini kijiti kinajuaje kazi yake kikiwa huko mkononi, mbali kote kule na tumbo? Nesi anasema kinatoa dawa kidogo kidogo, inaingia kwenye damu. Nimejibonyeza mkono jioni nzima nikiwaza.

Na boksi nililifungua mimi, pale kwenye mashamba ya mpunga. Nilitaka kuona tu. Halafu nikakuta kibanio kizuri kinang'aa, nikang'olea nywele za pua.