Pombe Uliyoiteremsha kwenye Basi

Kambi ya Wageni, Hifadhini,
Wilaya ya Biharamulo.
9 Septemba, 1979.

Kaka yangu mpendwa Philbert,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakufikia ukiwa mzima, pamoja na wifi na watoto, na kwamba goti la mama limepata nafuu. Ile migomba ya nyuma ya nyumba, iliyolazwa na upepo wiki ya harusi yetu, imesimama tena? Sisi huku hatujambo. Mama mkwe wangu, Kwandu, anakusalimu, ingawa salamu zake nimezipunguza makali kabla ya kuziandika.

Nianze na furaha, maana nikianza na lile lingine sitapata tena pa kuiweka. Kaka, nimeolewa na mtu ninayempenda! Sioni aibu kukuandikia hivi, ingawa wewe ndiwe uliyekalia kiti cha baba tangu alipotutoka. Kazimili akitoka, nyumba yetu hunuka moshi na dagaa kama nyumba yoyote ya kando ya ziwa. Akirudi, ni kama mtu amewasha karabai. Kule sekondari tulikuwa tukipokezana riwaya za mapenzi bwenini, nami nikidhani wale waandishi wanatudanganya. Hawakutudanganya. Walipunguza.

Siku ya harusi uliwaambia wajomba kwamba kazi ya shemeji yako ni kuwaogesha Wazungu, na watu wakacheka mpaka wakamwaga pombe. Nilikuwa nimefunikwa kichwa, sikuweza kukujibu. Leo nakujibu.

Mwambao huu ni wa serikali. Huruhusiwi kutega nyavu wala kukata mti, hata jiwe huokoti. Miamba yake ni myeusi, imetobokatoboka kama mkate ulioungua. Mtaalamu mmoja wa mawe alimwambia Kazimili kwamba zamani sana ilikuwa uji wa moto, ukatoka tumboni mwa ardhi ukapoa. Wageni huja na mitumbwi myembamba ya turubai inayokunjwa kama mwavuli. Wengine ni wataalamu wa samaki, wengine ni watu wa kutembea tu. Kazimili hutangulia na mtumbwi wake wa mbao, nao humfuata kwa mstari kama bata. Yeye ndiye anayejua kiboko amelala wapi, na jiwe gani limejificha chini likingoja kuchana turubai. Wakifika penye maji maangavu, wageni huvaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia, wakajilaza kifudifudi kutazama samaki. Akitaka kuwaita hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, ngo, ngo, na mwenye kichwa majini husikia vizuri kuliko sisi wa nchi kavu. Hiyo ndiyo kazi unayoiita kuogesha. Hajawahi kutoka na mgeni asirudi naye.

Ulisema pia kwamba wanaume walipokuwa wakivuka Kagera kwenda kumtoa adui, huyu alikuwa anachezea maji. Kaka, Kazimili alikuwa mgambo wa ziwa hili vita vyote, akilala mtumbwini na bunduki yenye kutu, mvua yote ya Novemba ikimwishia mgongoni. Wewe vita ulivisikia kwenye redio ya Shangazi Rozalia, tena ukammalizia betri.

Sasa nimeshaanza, basi niendelee.

Bibi harusi wa kwetu Ngara anavyokaa unajua kuliko mimi, maana wakati wa kumpokea wifi wewe ndiwe uliyekuwa mkali kuliko wazee wote. Hatoki mlangoni. Hafagii, hapiki, hachoti maji, na kitenge hakimtoki kichwani, mpaka watu wa kwao waje na chakula na pombe ya ndizi, shangazi yake amfunue mbele ya wakwe. Hapo ndipo anakuwa mke mwenye nyumba. Kabla ya hapo ni mgeni tu aliyewekwa ndani. Tulikubaliana wote, nawe ukiwepo, kwamba Shangazi Rozalia atakuja kunifunua Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu ya Mpalizwa.

Nikakaa ndani. Mama Kwandu alitoka kijijini kwake Nyabusozi kuja kunipikia, na midomo yake haikupumzika. Alisema kwao Usukumani bibi harusi angekuwa ameshavuna pamba na kuiuza. Alisema mwanawe ameoa kabati: zuri, limepakwa rangi, na ufunguo uko Ngara. Nilicheka mpaka kitenge kikanivuka, akakirudisha mwenyewe haraka, akisema asije akalaumiwa na watu asiowajua.

Na Kazimili! Jiwe haruhusiwi kuniletea, basi aliniletea maneno. Kila jioni alikaa mkekani, nywele bado mbichi, akanisimulia alichokiona siku hiyo. Alinisimulia furu, wale samaki wadogo ambao sisi tunawajua wakiwa wamekauka na kujikunja. Kumbe majini dume ana rangi ya bluu ya sare za shule na mkia mwekundu kama pilipili. Alisema kuna mama furu anayebeba watoto wake mdomoni, na siku hizo hali kitu. Aliniahidi kwamba siku nitakayofunuliwa, kabla sijashika ufagio wala chungu, atanipeleka kwenye miamba. Aliazima miwani ya maji kwa mgeni mmoja akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Mungu anisamehe, niliitazama mara nyingi kuliko rozari.

Jumamosi ikafika. Mama Kwandu alichinja kuku. Shemeji zangu walikuja kutoka Nyabusozi wakiwa wamevaa mashati ya kanisani. Nilikaa mkekani nimefunikwa, nikasikiliza kila gari. Basi lilipita bila kusimama. Kuku akapoa, shemeji zangu wakawa wanaongea kwa sauti ndogo kama watu waliokuja kwenye msiba wakakuta mgonjwa hajafa. Baadaye Ndassa, dereva wa lori la kambi, akaleta barua yako.

Kaka, nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Umeandika kwamba taifa limejifunga mkanda kwa miezi kumi na minane baada ya vita, na mwenyekiti wa kijiji hawezi kuruhusu nyumba yake iwe kiwanda cha pombe. Kwa hiyo ulimteremsha Shangazi Rozalia kwenye basi, mbele za watu, na madumu yake, ukaipeleka pombe kwa waliokuwa wakilima shamba la kijiji. Ukamalizia kwamba hatakuja mtu kunifunua mpaka Kazimili aache kazi ya kipuuzi ya majini, ahamie Ntobeye, umgawie shamba karibu na lako.

Ile pombe ilikuwa yangu! Haikuwa ya kijiji wala ya taifa. Mama alizivundika zile ndizi kwa mkono wake akinitaja jina. Ulimteremsha dada yake baba, mwanamke aliyekubeba mgongoni, kama mtu anayeteremsha gunia la magendo. Na huo mkanda unaouhubiri, mbona nimeambiwa dumu moja halikufika shambani? Nani alilinywa, mwenyekiti? Wewe hukatazi mila. Ungeikataza ningekuheshimu, tungebishana kama watu waliosoma. Wewe umeichukua mila ukaifanya kufuli, ukanifungia humo mimi ili umkamate mume wangu.

Na karibu umpate. Kazimili aliisoma barua yako akiwa amesimama. Hakutukana. Alichukua kasia lake akalisimamisha nyuma ya mlango, upande wa kupigia maji ukiwa juu, kama wanavyofanya hapa mtu akiacha kazi. Akasema atamwandikia bwana wanyama kesho yake, kwa kuwa hawezi kuwa yeye ndiye sababu ya mkewe kukaa gizani. Nililia, kaka, kwa sababu alisema kwa upole. Kisha nikakasirika kuliko nilivyowahi kukasirika tangu nizaliwe. Nilimwambia kwamba niliolewa na mtu mwenye kasia, na akiliacha, kitenge hiki nitazikwa nacho.

Mama Kwandu yeye aliona jambo ni jepesi: mlango ule pale, miguu ninayo, nitoke. Akasema hata kuku hufunguliwa asubuhi. Lakini sikutoka. Ningetoka kwa miguu yangu, huko Ntobeye ungetangaza kwamba Adelfina hakuolewa, alitoroka. Na si hilo tu. Nilitaka watu wangu. Nilitaka mkono wa nyumbani unifunue, mtu mmoja tu wa kwetu asimame hapa aseme kwamba huyu ni wetu na tumemtoa kwa furaha. Shemeji zangu walinihurumia, na huruma yao ilinichoma kuliko matusi yako. Wiki mbili nimekaa namna hiyo, kasia likiwa nyuma ya mlango, wageni wakipelekwa na mtu mwingine aliyewapitisha penye viboko.

Sasa, kaka, tafuta kiti ukae.

Najua mnamtafuta Shangazi Rozalia. Ndassa anasema umetuma mgambo wa kijiji mpaka Ruvubu, wengine wakidhani amevuka mto, wengine wakidhani maji yamemchukua. Waambie warudi wakalime. Shangazi yuko hapa. Ameketi mbele yangu anamenya viazi, na kila nikiandika sentensi ananitaka nimsomee.

Alikuja juu ya lori la Ndassa, ameketi juu ya magunia ya maharage, gudulia la pombe amelipakata kama mtoto. Pombe hiyo aliipika na mama, jikoni kwa mama, wewe ukiwa mkutanoni unahutubia juu ya mkanda. Uliposikia harufu ukauliza, mama akakuambia ni ndizi zilizooza za nguruwe. Usimgombeze. Kitenge kipya alichonifungia Shangazi kichwani baadaye kimetoka kwenye sanduku la mama, na siku zote ulizomwona amekaa kimya wakati unatuma watu mtoni, alikuwa anajizuia kucheka.

Mama Kwandu alimpokea kwa mwangaluka, salamu ya Kisukuma, Shangazi akaitikia kwa Kihangaza, wakakwama, wakaingia kwenye Kiswahili cha sokoni, na hazikupita dakika nyingi wakawa wanakusengenya wewe kama dada waliolelewa pamoja. Kisha Shangazi akaliona kasia nyuma ya mlango. Akauliza. Alipoelezwa, alimwamuru Kazimili alichukue. Akasema hatanifunua ndani ya nyumba. Kama nimefungiwa kwa ajili ya maji hayo, basi atanifunulia mbele ya maji hayo, na yeye mwenyewe anataka kuyaona kabla hajafa.

Nikaongozwa mpaka mtumbwini nimefunikwa, naona miguu yangu tu. Shangazi alikaa katikati ameshika ubavu huu na huu, akisali rozari kwa sauti, na baina ya Salamu Maria moja na nyingine akimwambia Kazimili kwamba wakizama atamshtaki kwa Philbert. Nyuma yetu wageni walifuata kwa mstari na mitumbwi yao ya turubai. Mama Kwandu alibaki ufukweni akipiga vigelegele peke yake kama watu kumi.

Penye maji maangavu, chini ya mwamba mweusi, Kazimili alisimamisha mtumbwi. Shangazi alichovya vidole kwenye pombe, akaupitisha mkono chini ya kitenge, akanipaka kwenye paji la uso, akataja jina la baba na la babu, akasema mtoto huyu tumemtoa, nyumba yake imepata mwenyewe. Akakivuta kile kitenge. Kaka, mwanga! Sikuona kitu kwa muda. Cha kwanza kuonekana kilikuwa uso wa mume wangu, naye alikuwa analia bila kujificha, kasia mkononi.

Alinivalisha miwani. Alinishika mkono nikaingia majini na gauni langu, nikalaza uso. Sina maneno, nami nilipata alama nzuri ya insha. Ile miamba inaendelea chini, myeusi, imejaa vyumba na vichochoro, na furu wanapita humo kama watu siku ya gulio. Nilimwona yule mama. Kivuli chetu kilipompitia, watoto wote walimkimbilia mdomoni, akaufumba. Nikasikia ngo, ngo, sauti ikija kutoka pande zote mpaka kifuani, nikajua safari hii ninayeitwa ni mimi.

Shangazi naye alidai miwani. Aliinama ubavuni karibu atupindue wote, akazamisha uso, akakaa huko mpaka nikaogopa. Alipoinuka aliniambia nikuandikie hivi: ameona samaki mwenye mdomo mkubwa kama wako, lakini wa yule una kazi ya kuwaficha walio wake.

Anasema usimtumie mgambo wala barua. Atarudi siku utakayokuja kumchukua mwenyewe, kwa basi, na madumu mawili ya pombe, moja kwa ajili ya lile la shambani na jingine kwa ajili ya lile unalolijua wewe. Na kabla hujapewa hata kiti, utapanda mtumbwi na kuinamisha kichwa majini mbele yetu sote. Mimi naunga mkono. Hasira yangu haijaisha na sitakudanganya kwamba imeisha. Lakini mlango uko wazi sasa, na mwenye kuufungua na kuufunga ni mimi.

Msalimie sana wifi, watoto, na majirani wote wa Ntobeye. Mama mbusu mikono yote miwili, umwambie kitenge kimenipendeza. Mume wangu hana kinyongo nawe. Ameshakutengea nafasi ya mbele mtumbwini, anauliza tu kama una kaptula.

Ni mimi mdogo wako, mke mwenye nyumba yake,

Adelfina