Kitabu Nilichokiachia

Dada yangu,

Natumaini hujambo na miguu imeacha kuvimba. Mimi nipo. Bomba la jikoni limepona, ila mapazia uliyonishonea bado sijayatundika.

Lile pendekezo langu chuoni, kwamba sisi wahadhiri tuweke mtandaoni vitabu tulivyoandika na kuwauzia wanafunzi, wavisome bure, limekataliwa. "Unataka kutumwagia unga," mwenzangu wa ofisini aliniambia mbele ya kikao kizima.

Nikamjibu, "Darasa zima linaazimana kitabu kimoja, nawe unaona sawa?"

Hakuna aliyeniunga mkono. Changu cha takwimu nilikiweka hivyo hivyo. Tangu hapo nikiingia chumba cha chai, mazungumzo yanakatika. Usimwambie mama, atataka niwaombe radhi.

Juzi msichana wa chuo nisichokijua aliniandikia: "Mwalimu, nimesoma kitabu chako chote kwenye simu. Ahsante sana. Ila jibu la swali la mwisho umekosea."

Nilikagua, kumbe kweli, nikalisahihisha. Nilicheka mpaka machozi, dada, kisha nikageuka nimsimulie mtu, na nyumba ilikuwa kimya. Ndiyo maana nakuandikia.

Nijibu upesi, hata kama huna habari.

Mdogo wako