Kuku Aliyeachwa kwa Jirani

Isevya, Tabora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako naipokea huku huku niliko, nikiamini mgongo umetulia na baba ameacha kubishana na daktari. Mimi ni mzima, tena nimenenepa kwa asali ya huku.

Najua unachosubiri kusikia. Tuliagana kwamba kazi hii ikishindikana narudi Kisarawe, na bosi alishasema kuku wakiendelea kufa anafunga ofisi. Mweleweshe baba tena, maana bado anadhani nafuga: kuku wenyewe wako ndani ya simu. Ni mchezo. Unamlisha, unamwogesha, anakua. Kazi yangu ni kuubana uingie kwenye zile simu za kugusa za zamani, ambazo hazisikii kidole mpaka uzikwaruze kwa ukucha. Nimempunguza manyoya, nimemnyima sauti, akaingia.

Tukawapa majirani wajaribu. Mama Kulwa, mama mwenye nyumba wangu, akampenda wake kupita kiasi. Juzi simu yake ikaisha chaji, akaipeleka kibandani kuchajisha. Ilipowaka, saa ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Alipoirekebisha, kuku akahesabu miaka yote hiyo hajala, akafa papo hapo.

Mama, unawajua watani wetu Wanyamwezi! Alikuja na wanawake wa uani, kanga viunoni, wakaangua kilio mlangoni kwangu.

"Mzaramo ameniulia kuku! Watu wa pwani hawa, huruma hawana!"

Wakaepua sufuria yangu ya wali, eti msiba hauendi bila chakula. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, ila moyoni nilikuwa na hofu, kwa sababu bosi alikuwa anakuja keshokutwa yake.

Wakiwa wanakula, Mama Kulwa akaniuliza, "Kwani simu ikizimika, kuku anabaki na nani?"

"Anabaki peke yake, humo humo."

"Ee! Mimi nikienda Kigwa kwa dada yangu, kuku wangu namwachia jirani. Huyu wako hana jirani?"

Nikawaachia mpaka ukoko, nikakimbilia kompyuta. Sasa simu ikizimika, au saa ikiruka, kuku anakuwa kwa jirani anakula pumba zake.

Bosi alipofika, alichomoa mwenyewe betri ya simu, akairudisha, akaichezea saa atakavyo. Nilishindwa kutazama. Mara nikasikia vigelegele vya Mama Kulwa: kuku alikuwa anatoka kwa jirani, mnene kuliko alivyoondoka. Bosi akacheka, akanipa mkataba wa miaka miwili.

Nimefurahi, mama, sikufichi. Na nimelia kidogo pia.

Nisalimie baba, mbishi wetu. Shangazi Tatu, fundi wa magauni yangu. Na kaka Hamisi na mkewe. Mdogo wangu Shani mpe salamu zake mwisho, na umwambie kile kitanda changu cha dirishani sasa ni chake.

Binti yako akupendaye,
Mwajuma