Sitaiandika -x test

Jumapili, Mwika. Mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba na manyunyu hayajakatika tangu asubuhi. Baridi ya Julai ya huku juu haina adabu, inapita kwenye sweta na kukufuata hadi mfupani. Mimi leo nina hasira, kwa hiyo sijaisikia sana.

Acha niandike sasa hivi kabla sijapoa. Nikipoa huwa naanza kuwaonea watu huruma.

Kwa wanaofika hapa kwa mara ya kwanza: natengeneza programu za simu. Kampuni yetu ni ndogo, ofisi iko Moshi mjini, ila wiki nyingi nafanyia kazi hapa nyumbani kwa baba, kwenye meza ambayo upande mmoja ni yangu na upande mwingine ni wa ndizi zinazosubiri kumenywa. Programu ninayoshughulika nayo tangu mwaka jana inatumiwa na kampuni moja ya kupeleka watalii mlimani. Kabla ya safari, mzigo wa kila mpagazi unapandishwa kwenye mzani uwani kwao. Mzani wenyewe hauna namba, unatuma uzito kwenye simu, na simu inaonyesha kijani au nyekundu. Kikomo ni kilo ishirini. Ukizidi ni nyekundu, na mzigo unapunguzwa. Ni hivyo tu, haina maajabu.

Nikimaliza kuandika msimbo, siupeleki kwa mteja hivyo hivyo. Kuna chombo kinachokusanya vipande vyote na kuvijenga kuwa kitu kimoja cha kusakinisha kwenye simu, na kabla hakijanikabidhi kinapitisha majaribio niliyoyaandika mwenyewe. Wenzangu wanabonyeza kitufe. Mimi napenda dirisha jeusi na mstari wa amri, kwa sababu pale unakiambia chombo kwa maneno yako kifanye nini na kisifanye nini. Nikiongeza --offline mwishoni mwa amri, kinaacha kutafuta mtandao na kutumia kile kilichokwisha kupakuliwa. Bila chaguo hilo nisingefanya kazi Mwika hata siku moja, maana mtandao wetu ukiona wingu unajificha. Nikiongeza --dry-run, kinanionyesha hatua ambazo kingepitia, bila kuzifanya. Na ukiandika -x pamoja na jina la hatua, kama test ambayo ni ya majaribio, hatua hiyo inarukwa.

Inarukwa, na chombo hakiulizi kwa nini.

Jana mchana Joshua akanitumia ujumbe. Joshua ndiye msimamizi wangu, tulisoma wote chuo, na mpaka jana nilikuwa nasema ni mtu mwema. Mteja analalamika: mizigo mingi inasoma nyekundu, mabasi yanachelewa kuondoka, watalii wananuna. Kwa hiyo wanataka desimali zifutwe. Kilo ishirini nukta tisa isomeke ishirini, iwe kijani. Joshua alishaandika hayo mabadiliko mwenyewe, mstari mmoja tu. Mimi kazi yangu ilikuwa kujenga na kutuma.

"Ni display tu, Manka," aliandika. "Jumatatu wana group kubwa, wanataka version mpya kabla hawajaanza kupima."

Nikaandika amri ya kujenga, ./gradlew build --offline, nikaenda kuinjika chai. Niliporudi, dirisha lilikuwa limejaa wekundu. Jaribio moja lilikuwa limegoma. Nililiandika mwaka jana na nikaliita mzigoUkizidiUkataliwe, kwa Kiswahili, makusudi, ili mtu yeyote atakayelikuta asije akasema hakuelewa. Linaipa programu mzigo uliozidi kidogo na kutegemea ukataliwe. Safari hii ulikubaliwa. Nikaupiga picha ule wekundu, nikamtumia Joshua.

Jibu lilikuja haraka mno.

"Piga -x test. Tutai-fix wiki ijayo."

Wiki ijayo naijua mimi. Imeandikwa kila mahali kwenye kazi zetu, na watu walioiandika wengine walishahama kampuni. Leo unaandika -x kwa mkono, kesho mtu anaibandika kwenye hati ya kujengea ili asichoke kuiandika, keshokutwa hakuna anayekumbuka kwamba kulikuwa na jaribio. Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba chombo kitamaliza na kuandika BUILD SUCCESSFUL, kwa kijani kilekile, majaribio yawe yamepita au yawe yamerukwa. Anayeangalia mwisho tu hatajua.

Sikukataa kwa mdomo mtupu. Nilikaa jana jioni nikatengeneza njia nyingine: uzito wa kweli unabaki kwenye skrini, na kama kampuni inataka kupitisha mzigo uliozidi, kuna kitufe cha "Nimepitisha", na jina la aliyebonyeza linabaki pale. Majaribio yote yakapita. Nikamwambia Joshua, wapelekee hii, mabasi yataondoka kwa wakati wanaoutaka wao. Akawapelekea. Akarudi na kusema hawakitaki hicho kitufe.

Nilijua. Wanataka mzigo upite na asiwepo aliyeupitisha.

Baba yangu alibeba mizigo mlimani tangu ujana wake mpaka magoti yalipomshinda. Enzi zake hakukuwa na mzani. Kiongozi wa safari alikuwa anauinua mzigo kwa mkono mmoja, anauachia chini na kusema, "Mwepesi huu, twende." Hakuna aliyebisha, maana nje ya geti walikuwa wamesimama wengine wanaotaka nafasi yako. Mzani uliletwa ili ule mkono usiamue tena. Sasa ninaombwa niurudishe, niufiche ndani ya simu, uonekane kama namba. Tena niurudishe mimi, niliyekuwa nikimkanda baba magoti kwa maji ya moto kila aliporudi.

Leo baba amerudi kutoka ibadani na kuku aliyemnunua kwenye mnada wa sadaka. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia mchungaji ameuliza kwa nini sikuonekana. Nikamsimulia yote, kuanzia mzani mpaka -x. Nakiri nilikuwa nasubiri sifa. Nilidhani ataniambia nimekuwa mtoto wake kweli.

Alimfunga kuku kwenye mguu wa benchi kwanza, taratibu.

"Watakufukuza?"

"Huenda, baba."

"Basi andika wanachotaka."

Nikadhani hajaelewa, nikaanza kumweleza upya. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nimeelewa. Mimi nilibeba ili wewe usibebe, mwanangu. Sasa mzigo unautafuta wa nini?"

 

Akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe. Kuna ngazi fupi za kushuka kutoka barazani, na baba huzishuka kinyumenyume, mkono ukutani, kama mtu anayeshuka kutoka darini. Nimemwona akishuka hivyo kwa muda mrefu hata nilikuwa nimeshaacha kumwona. Leo nilimwangalia mpaka alipokanyaga chini. Nampenda baba yangu, na katika hili sitamtii.

Baada ya chakula Joshua akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, na nadhani kweli amechoka, huyo mteja ndiye anayelipia nusu ya ofisi.

"Manka, unatuponza wote."

"Mimi?"

"Ni nusu kilo, kilo moja. Kwani itawaua? Si wenyewe wanajiita wagumu."

Hapo ndipo nilipowaka. Nikamwambia wanajiita hivyo wao, wakiwa wao kwa wao, wakicheka ili waweze kupanda. Yeye hajawahi kuinua hata mtungi wa gesi mpaka ghorofani, asiwasemee. Akaniuliza mara ya mwisho kama nitajenga au sijengi. Nikasema kujenga nitajenga, ila hatua ya majaribio siiruki kwa mkono wangu, iwe leo, iwe wiki ijayo.

"Basi kesho asubuhi leta laptop ofisini. Na ufunguo wa kusaini."

Ufunguo wa kusaini ni ule muhuri wa kielektroniki ambao bila huo simu zinakataa toleo jipya. Uko kwenye laptop yangu peke yake. Nikamuuliza, na kazi yangu? Akasema tutaongea. Sisi sote tunajua hiyo tutaongea maana yake nini.

Kwa dakika chache niliwaza kuuficha. Niseme laptop imeingia maji, niseme mvua. Lakini ufunguo ni mali ya kampuni, na mimi sitaki kushinda kwa uongo halafu nije niwafundishe watu ukweli wa mizani. Nitaupeleka.

Ila nitaupeleka kwa mpango wangu. Nitaiweka laptop mezani kwa Joshua, nifungue dirisha jeusi, niandike ./gradlew build, niache nafasi moja, kisha niisukume mbele yake. Yaliyobaki aandike yeye, kwa vidole vyake, nikiwa nimekaa pale namwangalia. Hatanituma mimi nimwandikie. Kama ni jambo dogo kama anavyosema, halitamshinda.

Na akiandika, sitasubiri hayo maongezi yake. Nitatoka nitembee mpaka uwani kwa mteja, si mbali, niwakute wapagazi wakipima kabla basi halijaondoka. Nitawaambia kwa Kiswahili, na watakaotaka nitawaambia kwa Kichagga, kwamba kijani cha leo kinadanganya, na aliyekitengeneza zamani, kilipokuwa cha kweli, ni mimi. Baada ya hapo wakibeba watabeba wakijua. Wakigoma, mabasi yatachelewa kweli.

Baba hajasema nami tangu mchana. Nimemwekea mtori wake wa ndizi mezani, ameula bila kuniangalia. Kesho nitamwamkia kama kawaida, aitikie au asiitikie, nitachukua mkoba na kushuka Moshi.

Naogopa. Nitaenda hivyo hivyo.